Habari ya Kumenya Mayai ya Kuchemsha

Naandika kutoka Nansio, katika kisiwa cha Ukerewe. Leo nataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo mno kutiwa gazetini, nalo ni namna ya kumenya yai lililochemshwa ili litoke zima, jeupe, lisilo na kovu. Najua wako watakaocheka na kusema, "Je, mwalimu amekosa la kufundisha hata anatufundisha kumenya mayai?" Nawasihi wasicheke kabla ya kufika mwisho. Katika jambo hili dogo mna riziki ya watu, mna afya ya watoto, na tena mna jina jema la mtu, ambalo likichafuka halioshwi kwa sabuni.

Kila aliyefika hapa kwa meli itokayo Mwanza anajua jinsi gati letu lilivyo. Safari ni ya saa tatu na zaidi, na wasafiri wakishuka huwa na njaa. Hapo husimama akina mama na vijana na vikapu vyao: huyu ana karanga, huyu ana ndizi, huyu ana samaki wa kukaanga, na huyu ana mayai ya kuchemsha, pamoja na chumvi na pilipili ndani ya kikaratasi. Mnunuzi hulimenya yai papo hapo, au humwambia muuzaji, "Nimenyee." Basi yai likitoka vibaya, halitoki vibaya sirini, watu wote huona.

Siku moja nilikuwapo gatini, nikaona abiria mmoja, mtu mzima aliyevaa vizuri, ananunua yai kwa mama mmoja mjane. Alipoanza kulimenya, ute ulibanduka pamoja na ganda, vipande vipande, hata yai likawa na mashimo kama ukuta wa udongo ulionyeshewa mvua. Yule abiria akakunja uso, akasema kwa sauti kuu, "Mama, unatuuzia mayai viza!" Mama akajibu kwa upole, "Sivyo, baba. Kuku wangu wametaga jana na juzi. Linuse tu." Lakini abiria hakulinusa. Alilitupa majini, akaenda zake bila kulipa. Wale waliokuwa wakingoja zamu yao kununua wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakahamia kwa mwenye karanga. Mama yule akafunika kikapu chake kwa kitambaa, akarudi nyumbani na mayai yake karibu yote.

Mwanawe ni mwanafunzi wa darasa langu. Kesho yake, baada ya somo la sayansi, alinijia akaniuliza hivi: "Mwalimu, mbona mayai ya jana yanatoka na mabaka, na yale aliyochemsha mama juma lililopita, yaliyokuwa yamekaa siku nyingi, yalitoka safi?" Swali hili lilinifurahisha sana, kwa sababu mtoto alikuwa ameona kwa macho yake jambo ambalo yule mtu mzima hakuliona. Maana ndivyo ilivyo hakika: yai jipya ndilo gumu kumenyeka, na yai lililokaa siku kadhaa ndilo jepesi. Yule abiria alimhukumu mama kwa ushahidi uliokuwa ukimtetea.

Sasa tutazame sababu yake. Yai lina ganda gumu kwa nje, na ganda hilo ni chokaa karibu lote. Chini ya ganda mna utando mwembamba wa tabaka mbili, kisha ute, kisha kiini. Ganda laonekana kuwa limezibika, lakini sivyo. Lina vitundu maelfu, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Kwa vitundu hivyo yai hupitisha hewa. Yai linapotoka tumboni mwa kuku, ute wake una hewa ya ukaa ndani yake, na hewa hiyo huufanya ute uwe na uchachu kidogo kuliko utakavyokuwa baadaye. Siku zikipita, hewa ile hutoka polepole kwa vitundu, na ute huelekea upande wa magadi. Wataalamu hulipima jambo hili kwa kipimo kiitwacho pH: ute wa yai jipya huwa kama 7.6 hadi 8, na baada ya siku kadhaa hupanda hata 9 na kidogo zaidi. Ute wa yai jipya ukichemshwa hushikana sana na utando. Ule ulioelekea upande wa magadi hushikana kidogo tu. Basi katika yai jipya, ukivuta ganda, utando hufuata, na ute nao hufuata utando.

Tena kuna jambo la pili. Maji yaliyomo ndani ya yai nayo hupungua kidogo kidogo kwa vitundu vile, na mahali pake huingia hewa. Hewa hiyo hukaa upande wa butu, si upande wa ncha, na hufanya kijumba kidogo. Kwa hiyo yai lililokaa huwa na kijumba kikubwa, na hapo kidole hupata mahali pa kuanzia. Ndiyo sababu pia ukilitia yai jipya katika maji baridi hulala chini kwa ubavu. La siku nyingi kidogo husimama, butu lake likitazama juu. Na lile lielealo juu ya maji limekwisha kuzeeka, usimpe mtu.

Mimi sikutaka wanafunzi wangu waamini kwa maneno tu. Tulipata mayai 12. Sita yalikuwa yametagwa jana yake, na sita yalikuwa ya siku nane, nasi tulijua hivyo kwa kuwa tulikuwa tumeyaandika tarehe kwa penseli. Kila fungu tulilikata nusu: matatu tukayatia katika maji baridi, tukayabandika motoni pamoja na maji yake, matatu tukayatia katika maji yaliyokwisha kuchemka. Baada ya hapo tukayapoza yote kwa namna moja, na watoto wakamenya. Mayai mapya ya maji baridi yalitoka yameraruka yote. Mayai ya siku nane yaliyotiwa katika maji ya moto yalitoka safi yote. Lakini lililotushangaza ni hili, kwamba hata mayai mapya, yalipotiwa katika maji yaliyochemka, yalitoka mazuri kuliko tulivyodhani.

Mayai 12 ni machache, nami niliwaambia watoto hivyo. Lakini wako waliojaribu mengi zaidi. Mwaka 2019 mpishi na mwandishi wa Marekani, J. Kenji López-Alt, alieleza katika gazeti la New York Times jinsi alivyojaribu kwa mamia ya mayai na kwa mikono ya watu wengi, naye akaona kwamba jambo kubwa kupita yote ni kulianza yai katika moto mkali, si katika maji baridi. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Ute ukipata joto polepole, hupata nafasi ya kugandamana na utando. Ukipata joto la ghafula, huganda upesi wenyewe kwa wenyewe kabla haujaushika utando.

Basi ndugu zangu, nitaeleza kazi yenyewe kwa taratibu, ili asomaye aweze kumsomea jirani yake.

Kwanza, chagua mayai. Yanayofaa kuchemshwa ni yale ya siku saba hadi kumi, yaliyowekwa mahali penye baridi na kivuli. Kuku hutaga yai moja kwa siku, na pengine huruka siku, kwa hiyo katika kiota kimoja mna mayai ya umri mbalimbali, na kwa macho huwezi kuyatenganisha. Dawa yake ni penseli: kila yai uliokotalo, liandike tarehe. Usiyaoshe siku ile ya kuyaokota, maana nje ya ganda mna utando wa asili uzuiao uchafu kupenya; ukiuosha, yai huharibika upesi. Yaoshe wakati wa kuyachemsha tu. Na mayai ambayo kuku amekwisha kuyaatamia, muachie mwenyewe. Hayo si chakula tena, bali ni vifaranga.

Pili, chemsha maji kwanza hata yatokote. Kisha shusha mayai moja moja polepole kwa upawa, au yote pamoja ndani ya kikapu kidogo, yasije yakagonga chini ya sufuria na kupasuka. Mwenye haja ya kuokoa kuni au mkaa aweza kutia maji ya kina cha vidole viwili tu, akafunika sufuria vizuri, na mvuke ukayaivisha mayai. Kumenyeka kwake ni kule kule.

Tatu, hesabu dakika. Hapa yafaa niseme jambo la nchi yetu. Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 juu ya bahari, na kwa hiyo maji huku huchemka yakiwa na joto la nyuzi 96 hivi, si 100 kama kule Tanga au Dar es Salaam. Basi yai hutaka muda mrefu kidogo huku kuliko pwani. Kwa yai la kuku wa kienyeji, ambalo ni dogo, dakika 11 zatosha. Kwa yai kubwa la kuku wa kisasa, dakika 13. Usiyaache motoni nusu saa kwa kudhani kwamba kuzidi ni usalama. Yai lililopikwa kupita kiasi, ute wake huwa kama mpira, na kiini chake huzungukwa na rangi ya kijani kibichi. Rangi hiyo si sumu wala si dalili ya viza. Ni salfa ya ute iliyokutana na chuma cha kiini kwa ajili ya moto mwingi. Lakini mnunuzi akiiona huogopa.

Nne, yatoe mayai upesi, uyatie katika maji baridi. Barafu hatuna wengi wetu, lakini maji ya mtungi ni baridi ya kutosha. Yakipata joto, yamwage, utie mengine. Yaache humo robo saa. Yai likipoa hujikunja kidogo na kuachana na ganda, na tena ute huwa imara, hauraruki ovyo. Hapa ndipo wengi hukosa uvumilivu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na amenyaye yai la moto hupata hasara mbili, kuungua vidole na kuharibu yai.

Tano, menya. Gonga kwanza upande wa butu, pale penye kijumba cha hewa. Kisha lilaze juu ya meza, ulivingirishe chini ya kiganja kwa kulikandamiza kidogo, hata ganda lote liwe na nyufa. Anza kuambua pale pa butu, na uhakikishe kwamba kidole kimepita chini ya utando, si juu yake. Ukiushika utando, ganda hufuata kama nguo. Kama laleta ubishi, lizamishe ndani ya bakuli la maji safi uendelee humo humo. Maji hupenya chini ya utando na kulisukuma ganda.

Watu wengine hutia magadi ndani ya maji ya kuchemshia, wengine chumvi, wengine siki. Mimi nimejaribu, na kama mayai yameanza katika maji ya moto na kupozwa vema, sikuona tofauti iletwayo na vitu hivyo. Chumvi afadhali iwekwe katika kikaratasi, ambako mlaji ataionja.

Sasa nawaomba msikilize neno moja kwa uangalifu kupita yote niliyosema. Maji ya kupozea na ya kumenyea yawe safi, yaani yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa. Moto umekwisha kuviua vijidudu vilivyo juu ya yai. Ukilitia baadaye katika maji ya ziwa yaliyotekwa karibu na gati, unavirudisha. Sisi wa ufukoni tumewahi kuzika watu kwa kipindupindu, nasi tunajua kwamba ugonjwa ule huja kwa maji na kwa mikono. Tena mmenyaji anawe mikono kwa sabuni kwanza. Na asimenye kikapu kizima asubuhi ili auze hata jioni. Ganda ni kifuniko alichokitengeneza Mungu, nasi hatuna kilicho bora kuliko hicho. Liondolewe wakati mnunuzi amesimama. Mayai ya kuchemsha yaliyobaki jioni, watoto wa nyumbani na wayale, yasirudi gatini kesho.

Huenda mtu akauliza, "Lakini yai lenye mabaka halina ladha ile ile? Mbona tunajisumbua?" Ladha ni ile ile, ni kweli. Lakini na tufanye hesabu, kama tufanyavyo darasani. Tuseme mama amenunua trei moja ya mayai 30, kila yai shilingi 350. Mkaa, chumvi na pilipili tuvitie shilingi 50 kwa kila yai. Yai moja limemgharimu shilingi 400, naye auza shilingi 500. Faida yake ni shilingi 100 kwa yai, na kwa trei nzima ni shilingi 3,000. Sasa mayai 6 yakiraruka na wanunuzi wakayakataa, amekosa mara 6 shilingi 500, ambazo ni shilingi 3,000. Mayai 6 kati ya 30 yamemeza faida yote. Amewasha moto kabla ya jua kuchomoza, amesimama juani mchana kutwa, na jioni hana kitu cha kumnunulia mtoto daftari. Hapo mtaona kwamba tofauti ya maji baridi na maji ya moto, katika sufuria ya mjane, ni tofauti ya kwenda shule na kutokwenda.

Tena si wauzaji tu. Katika parokia na mitaa yetu watu huleta kuku na mayai kuwa sadaka, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa. Wengi huyanunua mayai yale Jumapili, na aghalabu ni mapya, kwa kuwa mtu hamletei Mungu kilichooza. Wakifika nyumbani huyachemsha siku ile ile, yakararuka, nao humnung'unikia ndugu aliyeyatoa. Na watoto hulia kwa kupewa mabaki yaliyoshikamana na ganda. Yai la kadiri lina gramu 6 hivi za protini, chakula kijengacho mwili, na mtoto anakihitaji sana. Ni hasara robo ya chakula hicho kutupwa jaani pamoja na maganda. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Buganda, hapo kale wanawake walikatazwa kula kuku na mayai, na desturi za namna hii zilikuwako kwa makabila mengi. Leo tumejifunza kwamba mama mwenye mimba na mtoto mdogo ndio wapasao kupewa yai kwanza. Basi na walipate zima.

Ndugu zangu, neno la mwisho ni kwa wanunuzi, nami ni mmoja wao. Yai likitoka na mabaka mikononi mwako, usiseme viza kabla hujalinusa. Yai viza hujitangaza lenyewe kwa harufu, halihitaji mwamuzi. Na yai lililotoka safi, usidhani kwamba hakika ni jipya. Pengine ni safi kwa sababu limekaa. Uzuri wa nje hauthibitishi upya, wala ubaya wa nje hauthibitishi uozo. Nanyi wauzaji, msiyafanye maneno haya kuwa ruhusa ya kuweka mayai mwezi mzima. Siku saba hadi kumi zatosha, na zaidi ya hapo ni kumdanganya mteja kwa weupe wa yai.

Mama yule sasa huandika tarehe juu ya mayai yake, na mwanawe ndiye mwenye kushika penseli. Walimu wenzangu, nawaomba mfanye jaribio hili na madarasa yenu. Gharama yake ni mayai machache, na mwisho wa somo wanafunzi hula kitabu chao. Na ninyi wenye kuku nyumbani, leo jioni mkienda kuokota mayai, chukueni penseli.

Mimi nakoma hapa. Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu.